Kiti Kisichokaliwa

4 Machi

Mdogo wangu Chopi,

Barua yako imefika. Dereva wa lori la saruji aliileta mpaka mlangoni, akasimama anangoja niifungue mbele yake, eti aone kama ni habari njema. Nikamwambia, baba, habari njema hazifunguliwi mlangoni. Nikaingia nayo chumbani, nikapiga magoti kwanza. Miaka yote hii nimekuombea kama mtu anayetupa vijiwe kisimani asisikie hata chubwi. Jana nimesikia.

Halafu nikasoma. Mistari michache, na karibu yote ni vyuma! Unataka pedeli ya cherehani ya Mama, unataka springi za kitanda chake cha zamani, unataka tupa ya marehemu Baba, unataka na kile chuma cha mguu ulichokuwa unafungwa utotoni. Mwenzio nikadhani ndugu yangu ananijulia hali, kumbe ananunua skrepa.

Mama alikuwa ameketi barazani, akasikia karatasi. "Ni yeye?" Nikasema ni yeye. "Ameniuliza?" Nikasema amekusalimu sana, anasema anakukumbuka. Mungu anisamehe, nimekutia maneno mdomoni. Lakini ungeuona uso wake ungeongeza na mengine.

Macho yake sasa ni ya kupapasa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Kila mgeni akija, Mama anamtania: "Huyu mtoto wa jicho ndiye mwanangu pekee wa kiume aliyebaki nyumbani." Wageni wanacheka. Mimi huwa nakumbuka kuna kitu jikoni.

Niambie kwanza, vyuma hivi ni vya nini? Umeandika "kwa ajili ya kiti", ukakata kwa kalamu. Kiti cha nani?

Wako akupendaye,
Dada


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa barua kavu. Kuandika sijui, najua kuchomelea.

Kazi inayonilisha ni mageti na madirisha. Siku ambazo sina kazi ya mtu natengeneza watu wangu mwenyewe, kwa vitu vya kuokota. Nina kitabu cha hadithi za Wayunani wa kale, hakina jalada, nilikikuta kwenye boksi la nati kuukuu. Hao walikuwa na miungu mingi. Usikunje uso, Dada. Siwaabudu, nawachomelea tu. Nimetengeneza mbwa wa vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu, shingo zake ni ekzosi za pikipiki. Nimetengeneza kijana aliyeruka karibu na jua mabawa yakamyeyuka, mbavu za miavuli zikawa mabawa. Nina mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele, na nyoka wenyewe ni minyororo ya baiskeli. Watoto wa mtaani kwangu wanamwita Shemeji.

Kuna bwana mwenye ukumbi wa maonyesho, tunamwita Miwani. Alikuja kutengenezewa geti akawakuta hao, geti akalisahau. Sasa anataka kitu kimoja kikubwa cha kuweka katikati ya ukumbi.

Nimemchagua Mhunzi. Jina lake la Kiyunani litakuvunja ulimi, tumwite hivyo hivyo. Alikuwa fundi chuma wa miungu, na alikuwa kiwete. Mungu mzima, anakwenda chopi! Niliposoma hapo nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi. Huyo Mhunzi alimtengenezea mama yake kiti cha enzi cha dhahabu, kizuri kuliko viti vyote vya huko kwao juu, akampelekea kama zawadi. Ndicho kiti ninachotengeneza. Dhahabu sina, nina skrepa. Ila skrepa ya kiti hiki haiwezi kutoka jalalani. Lazima itoke kwa Mama.

Na usiniongezee salamu.

Chopi


10 Aprili

Mdogo wangu,

Gunia limeondoka leo na yule yule dereva. Nimemwapisha kwa jina la Mungu na kwa jina la mkewe, nadhani la pili ndilo lililomwingia.

Ee Chopi, kiti cha Mama! Nilisoma barua yako nikaenda kusimama mbele ya kabati nilie vizuri. Miungu ya watu wa kale siipendi, nakwambia wazi, lakini kama imekukumbusha kumtengenezea mama yako kiti, basi Mungu wa kweli hutumia hata fimbo iliyopinda. Nikamweleza Mama. Akauliza, "Kina mahali pa kuegemea mgongo?" Nikasema kiti cha enzi kitakosaje. Akasema, "Basi mgongo wangu umepata mkwe."

Pedeli alitaka kuifungua mwenyewe. Alipapasa kila skrubu, hakutaka msaada. Springi tulizitoa kwa kupigana nazo, moja ilinirukia ikanipiga paji la uso, nina nundu ya kukukumbuka. Chuma cha mguu hujakiona tangu lini? Kipo kwenye sanduku lake, kimefungwa kwenye shuka, chini ya nguo za ibada.

Alipoishika ile tupa akaanza kucheka peke yake. Anasema hicho chuma cha mguu kilipoletwa kutoka hospitali kilikuwa na makali pembeni, kikakukata mpaka soksi ikalowa damu. Umelala nyuma ya pazia na homa. Baba anasitasita, anasema ni mali ya hospitali, akikiharibu watamshtaki. Mama akampandishia: "Tupa, baba watoto! Tupa! Unamwonea huruma nani?" Anasema alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ndipo Baba akaichukua tupa, akazisugua zile kingo mpaka zikawa laini kama mdomo wa kikombe. "Mwambie azipapase," amesema Mama, "mkono wa baba yake bado umo."

Amekwisha kutoa ule mtungi uliokuwa karibu na dirisha. Anasema kiti kitakaa hapo, apate jua la asubuhi. Utakileta mwenyewe, sivyo? Nisimwombe dereva.

Dada


2 Mei

Dada,

Umeandika kwamba alisema tupa. Ni yeye aliyekuhadithia hivyo, au umenitungia kama zile salamu?

Nilikuwa macho nyuma ya lile pazia. Niliyasikia maneno hayo hayo, sauti hiyo hiyo. "Tupa, baba watoto! Tupa! Unamwonea huruma nani?" Nieleze ni mtoto gani mwenye homa, mguu wake ndio unaogombewa, akisikia mama yake anapiga kelele "tupa" atafikiria kifaa cha kusugulia chuma. Mvua zilipokatika mkanipeleka kwenye makao ya watoto viwete. Nikajua ndiyo hiyo. Nimetupwa. Nimelibeba neno hilo kila mahali nilipolala, na kila chuma nilichochomelea nilikichomelea kwa moto wake.

Leo unaniletea kwamba lilikuwa kifaa, na kifaa chenyewe kwenye gunia.

Haya, chukua. Tupa ilikuwa tupa. Na kwenye geti la makao je? Mama aliniacha kwa mlinzi nikamlilia, hakugeuka. Kila mwezi wazazi wa wenzangu walikuja na maandazi. Mimi nilikaa nikiangalia njia mpaka nikawa najua mawe yake. Hilo nalo ni neno nililosikia vibaya?

Sasa nikumalizie hadithi, maana nilikupa nusu. Yule Mhunzi alikuwa kiwete, mama yake akaona aibu, akamtupa kutoka mlimani. Ndiyo, ndivyo kitabu kinavyosema, alimtupa. Alipokua akamtengenezea kile kiti. Mama yake akakikalia kwa furaha. Alipotaka kuinuka, kiti kikamshika. Minyororo isiyoonekana. Miungu yote ikaenda kumbembeleza Mhunzi amfungue, akaijibu: mimi sina mama.

Kiti kimekwisha, kiko katikati ya ukumbi. Pedeli yake ni ya kuwekea miguu, chuma changu ndicho egemeo la mkono. Springi za kitanda nimezivuta zikawa mgongo, na ncha zake nimezipinda ndoano. Ukitazama huzioni. Si cha kukaliwa na mtu. Hakiji huko. Mwambie arudishe mtungi wake dirishani.

Chopi


15 Mei

Chopi,

Nimekaa na barua yako nikaogopa hata kuiweka ndani ya Biblia, nikaiweka chini ya godoro, na huko nako imeninyima usingizi.

Sikutungii. Salamu nilitunga, hili sikutunga. Wala sitakudanganya kuhusu getini. Hakuja kukuona, ni kweli, hata mara moja. Nilimuuliza baada ya kusoma, nikizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akanijibu moja kwa moja: "Wale wa makao walisema mguu hautanyooka akikaa nyumbani. Ningekwenda angenililia nimrudishe, na mimi ningemrudisha. Najijua." Ndiyo sababu yake. Kama haikutoshi, nami hainitoshi. Lakini ndiyo hiyo, na mguu ulinyooka kiasi cha kukufikisha huko uliko.

Nawe umechukua springi za kitanda alichokuzalia ukazitilia ndoano! Ulipoziomba ulijua. Ukaniacha nimweleze mama wa watu kwamba anatengenezewa kiti. Amewatangazia wote kwenye ibada, wamempigia makofi. Unataka niwaambie nini? Kwamba kuna mlima na Wayunani?

Nisikilize sasa. Mwezi ujao namleta huko mjini, hospitali kubwa, wamfungue jicho. Amesema kabla hawajamgusa na visu vyao anataka kukigusa kiti chake. Mimi siwezi kumwambia ukweli. Ni wewe utamwambia. Njoo umshike mkono, umwite mama, halafu mtukane ukitaka, mkilia mlie, lakini uwe umemwita kwanza. Mimi sikuombi kingine.

Dada


28 Mei

Dada,

Usimlete ukumbini. Siku zote pamejaa watu wa suti wanaoongea kwa kunong'ona, atajiona mgeni. Tena kiti si changu tena, watu wa makumbusho fulani wamekichagua, kitasafirishwa kama kilivyo, hata vumbi lake Miwani ameniambia nisifute.

Hospitali nitakuja. Nitakuwepo kabla hawajamwingiza. Nimesema.

Chopi


20 Juni

Dada,

Sikuja. Najua ulisimama mlangoni ukiangalia kila anayechechemea. Lakini nikuambie kwa nini, maana kuna jambo lilitokea siku iliyotangulia, na sijui umelijua kiasi gani.

Ulimleta ukumbini. Nilikuwa ndani. Niliwaona mnaingia, amekushika kiwiko, amevaa gauni la ibada la maua, nywele zote nyeupe. Nilijua atakuwa amezeeka, ila nilikuwa nimemzeesha kidogo kidogo kichwani, sikumzeesha hivyo. Nikajificha nyuma ya mbwa wa vichwa vitatu. Nikaona umemsimamisha ukutani ukaenda meza ya mapokezi, kule nje, kuulizia, nadhani ulikuwa unaniulizia mimi.

Alichoka kusimama. Akatoka ukutani akipapasa hewa, hatua kwa hatua mpaka katikati. Mkono wake ukafika kwenye egemeo la kiti, akalipapasa pembeni pale palipo laini, polepole, halafu akageuka akakaa. Akaegemea. Dada, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Askari wa ukumbi akaja mbio: "Mama, kiti hiki hakikaliwi!" Akasema, "Kiti kisichokaliwa ni kiti gani, mwanangu?" Watu wakacheka. Akataka kuinuka kwa heshima, ndoano zikamshika mgongoni. Akajaribu tena, gauni likavutika. Wale wa suti wakamzunguka, mmoja akapiga makofi, mwingine akasema, "Ajabu, wamemweka bibi halisi ndani ya kazi!" Wakatoa simu wakampiga picha. Naye anatabasamu, Dada, anatabasamu kwa upande usio na watu, anasema, "Samahanini, nimenasa kidogo."

Ndicho kitabu chote, si ndiyo? Nilikuwa nimekitaka hicho hicho. Basi mbona sikuweza kuendelea kutazama.

Nikatoka na mkasi wa bati. Miwani akanifuata ananipumulia sikioni: "Usiiguse kazi! Imekwisha kusainiwa. Kata nguo, fundi, nguo hununuliwa." Ni kweli springi zile zimevutwa zote pamoja. Ukikata ncha moja, mgongo wote unafyatuka na kiti kinakuwa skrepa tena. Nikapiga goti nyuma yake, nikakata nguo. Akatoka.

Akageuka, akanitafuta kwa mkono, akanishika bega. Akasema, "Ahsante, fundi. Mungu akutunze. Aliyekuzaa ana bahati."

Nilitaka kusema. Akangoja kidogo, kama vizee wanavyongoja, nami nikaondoka, na kesho yake sikuweza kusimama hospitalini mbele ya mtu aliyenishukuru.

Hakunitambua. Angalau hilo Mungu wako amenisaidia. Nakuomba usimwambie ni nani aliyemkata gauni. Nitakuja jicho likipona. Nitaanza upya, nimwite, kama ulivyosema.

Chopi


1 Julai

Chopi,

Jicho limefunguka, Mungu ashukuriwe. Jana ametunga uzi kwenye sindano mwenyewe, akanionyesha kama mtoto aliyeng'oa jino. Analiziba tundu la gauni. Amepata kipande cha maua yanayokaribiana, ukiwa mbali hukioni.

Barua yako nilimsomea jina tu, nikaikunja. Nilikuwa tayari kukutunzia siri, maana mimi ndiyo kazi yangu katika nyumba hii, kuwatilia nyinyi maneno mdomoni na kuyatoa. Nikamwambia, Mama, Chopi anakusalimu, anasema alibanwa na kazi. Akaendelea kushona. Akasema, "Alibanwa. Mimi ndiye niliyebanwa."

Nikaweka barua chini, nikasogea karibu yake.

Akasema, "Alipotoka kule mwisho wa ukumbi nilimsikia. Hatua moja inatua, ya pili inaomba ruhusa. Nimemfundisha mimi kutembea hivyo, nimsahau?" Nikamuuliza, sasa mbona hukumwita? Akasema alikufungulia mlango. Alikuambia aliyekuzaa ana bahati ili umuulize, bibi, wewe unajuaje? Akangoja.

Nikakutetea. Naapa nilikutetea. Nikasema, Mama, alitaka kusema, neno lilimkwama, na tena hakuwa peke yake, kulikuwa na bosi wake, kile kiti kimekwisha kuchukuliwa, ukikatwa waya mmoja kinaharibika chote. Nikamweleza habari ya Mhunzi na mlima, mpaka mwisho. Sikuwa na kingine cha kukufunika nacho. Alisikiliza yote, hakukasirika. Aliuliza tu kama huyo mama wa Kiyunani alikuwa na mtoto mwingine wa kumpeleka hospitali. Kisha akang'ata uzi.

Nikamuuliza, nimwandikie nini? Maana anasema atakuja.

Akasema: "Mwandikie sikukasirikia kiti. Nilipokaa nilijua ni cha kunishika, mtu hawezi kukalia springi za kitanda chake asizijue. Nikasema haya, nishike, nina deni. Alipopiga goti nyuma yangu na mkasi wa bati nikatulia. Nimeishi na fundi chuma, baba yake, najua mkasi unavyokata. Waya ukikatwa hulia. Kitambaa hakilii. Nikatega sikio, hakuna kilicholia."

Akalikunja gauni, akaliweka sandukuni, mahali palipokuwa na kile chuma chako. Hajasema uje, hajasema usije. Sikumuuliza tena, wala safari hii sikuongezei kitu.

Dada